Sifa za Mpiga Besi

Ukitaka kujua kwamba dunia haina shukrani, mwulize mpiga besi. Mwimbaji watu humjua mpaka jina la nyanya yake. Mpiga solo huombwa picha na wasichana. Hata mpiga ngoma, ambaye kazi yake ni kugonga vitu, hununuliwa soda. Lakini wakamate watu waliocheza mpaka soli za viatu zikaachia, uwaulize besi ilipigwa na nani, watakutazama kana kwamba umeuliza nani alifyeka nyasi za uwanja. Na hiyo besi ndiyo iliyowainua vitini.

Oyugi alilijua hilo, na alisema amelizoea. Alikuwa mwendesha mashine katika kiwanda kimoja cha majani chai nje ya mji wa Kericho, kwenye chumba cha kusaga, na wikendi alikuwa mpiga besi wa Majani Mabichi, bendi ya benga iliyozaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba hilohilo. Mwimbaji alikuwa mke wake, Eucabeth. Solo ilipigwa na Kipsang, mtu wa Siongiroi, aliyejua nyimbo zote za Kijaluo bila kujua maana ya nusu yazo. Ngoma zilipigwa na Gachanja, fundi wa redio mjini Kericho, ambaye pia ndiye mwenye spika. Eucabeth alizoea kusema kwamba hiyo ndiyo serikali pekee ya mseto anayoijua ambayo haijawahi kuvunjika.

Sasa, wafanyakazi wa chumba cha kusaga hugawiwa vizibo vya masikio, vile vidude vya sponji ya manjano. Mashine za mle ndani zina kelele ya kumtoa nyoka pangoni. Oyugi hakuvivaa. Kwanza, aliipenda ile ngurumo. Alisema mashine yake ina sauti moja nzito isiyochoka, na juu ya sauti hiyo ndipo alipotungia besi zake zote, amesimama pale akitazama majani yakiingia mabichi na kutoka yamesagika, vidole vikicheza kwenye mshono wa suruali. Pili, vizibo vyenyewe alikuwa amevipatia kazi nyingine. Ukikibana kizibo chini ya nyuzi za gita la besi, pale mwishoni karibu na mkono wa kulia, uzi hauvumi. Unatoa mdundo mfupi, mkavu, kama kisigino kwenye udongo, na huo ndio mdundo wa benga. Sponji ikichoka alienda stoo kuomba nyingine. Msimamizi wa zamu alimsifu mkutanoni kwamba hakuna mtu anayejali masikio yake kama Oyugi.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kuna wanaovunjika pengine. Masikio ya Oyugi yalianza kwenda polepole, na hakuna aliyegundua, kwa sababu katika chumba cha kusaga hakuna mtu anayeongea. Watu wa mle huongea kwa mikono. Ngumi inayozungushwa ni zima mashine. Kidole kwenye ukosi wa shati ni msimamizi anakuja. Mkono mdomoni ni chai. Miaka nenda miaka rudi Oyugi alipiga gumzo na wenzake kwa mikono, akacheka vichekesho vya mikono, akagombana kwa mikono na kupatana kwa mikono. Mtu wa hivyo akianza kuwa kiziwi, nani atajua?

Nyumbani aliona tu kwamba mke wake siku hizi anaongea chini chini. Akadhani ni umri. Ili asimsumbue kurudia, akawa anamjibu “mm”. Hiyo “mm” ni neno zuri sana, linatosha kwa maswali mengi ya ndoa. Eucabeth alilalamika kwa jirani yake Jerusa kwamba Baba Seth amekuwa na kiburi cha uzeeni, unamwambia mambo matatu anakujibu nusu ya neno.

Jumamosi asubuhi, kama hakuna zamu wala mwaliko, Oyugi aliteremka mjini kwenye duka la Gachanja kubishana kuhusu wapiga besi. Ubishi huo ulikuwa umeota ndevu. Gachanja alikuwa mgonjwa wa jazi na roki. Alikuwa na kompyuta kuukuu na spika kubwa mbili ambazo mteja alizileta kutengenezwa akapotea moja kwa moja, na kupitia spika hizo duka zima la kando ya barabara lililazimika kusikiliza Wamarekani. Kipenzi chake alikuwa mzee mmoja wa jazi apigaye besi ile ndefu ya kusimama, akiishika kwa heshima na wasiwasi, kama mtu aliyelazimishwa kucheza na mama mkwe. Oyugi alimkubali huyo mzee lakini akasema anaongea sana. Yeye alimpenda zaidi Mwingereza fulani wa roki aliyepiga sauti nne tu tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, bila haraka, wengine wakirukaruka mbele yake.

“Huyo,” alisema, “ndiye amebeba nyumba.”

Lakini ukimbana sana, Oyugi alikuambia kwamba hao wote hawamfikii Owiti. Owiti alikuwa mjomba wake, mpiga besi wa bendi moja ya Sondu, aliyemfundisha besi kwa gita la ubao na nyaya za breki za baiskeli. Bendi hiyo ilirekodi sahani moja ya santuri, na jalada lilikuwa na picha. Mpiga picha alipowapanga, Owiti akawa pembeni, na picha ilipokatwa ili ienee, kilichobaki cha Owiti ni kiwiko. Mpaka anakufa aliwaonyesha watu kile kiwiko. Hiki ni changu, aliwaambia, na watu wakacheka, naye akacheka.

“Mimi sitaki picha,” Oyugi alimwambia Gachanja siku moja, akitazama barabarani. “Nataka nitajwe. Mara moja tu. Na Mama Seth, mbele ya watu.”

Gachanja alielewa. Katika bendi ya Kijaluo kuna kitu kinaitwa pakruok. Muziki hushushwa, au husimamishwa kabisa, na mtu akasifiwa kwa jina, kwa kwao, kwa watu wake, kwa mwendo wake, kwa kila kizuri ambacho ulimi wa msifu utaokota hapo hapo. Maneno hayo hayaandikwi. Yanakuja yenyewe na kuondoka. Naye anayesifiwa hakai kimya. Huinuka akajibu, akajisifu kidogo au akamrudishia aliyemsifu, maana kunyamaza ni kumtemea mate. Eucabeth alikuwa na ulimi wa kazi hiyo. Alikuwa amesifu mabwana harusi, wasimamizi, machifu, solo ya Kipsang, hata kijana anayebeba spika. Lakini hakuwahi kumsifu mumewe. Si kwa ubaya. Mwanamke akimsifu mume wake hadharani watu husema anajisifu mwenyewe, na Eucabeth hakutaka maneno. Oyugi naye hakuomba, kwa sababu sifa ya kuombwa ni sawa na kujikuna mgongo.

Sasa sikiliza ilivyogundulika. Jumamosi moja Gachanja alimwekea wimbo mpya wa yule mzee wa jazi. Oyugi alifumba macho, akatikisa kichwa, akasifu besi. Baadaye kidogo akafungua macho na kusema kwamba huyu mpiga ngoma wao ni mvivu, mbona wimbo unakaribia kwisha na hajaingia?

Gachanja aliacha kuchomelea waya. Mpiga ngoma alikuwa ameingia tangu mwanzo. Alikuwa hagusi ngoma, anapiga toazi tu, ile sahani ya shaba, ti-ti-ting, ti-ti-ting, sauti nyembamba kama mvua ya kwanza kwenye mabati, na ilijaa duka zima. Gachanja akaurudisha wimbo mwanzo, akaongeza sauti mpaka mwenye duka la viatu akachungulia. Oyugi akatega sikio. Akatega la pili. Akatabasamu kama mtu anayesubiri kuambiwa ni mzaha.

“Baba Seth,” Gachanja akasema, kisha akasogea mbele yake ili amwone mdomo. “Hiyo kitu inalia sasa hivi. Kweli huisikii?”

Walienda wote wawili kwa daktari wa masikio. Daktari alikuwa mpole na hakuzunguka. Alisema neva za sikio zikishakufa hazioti tena. Sauti nyembamba huondoka kwanza: ndege, watoto, wanawake, herufi zile zinazotenganisha neno na neno. Sauti nzito huondoka mwisho. Kifaa cha kuvaa kingeweza kusaidia, lakini kwa masikio yaliyofika hapo, kingeongeza kelele kuliko maneno. Akamuuliza kama kazini hawagawi vizibo. Oyugi akasema wanagawa. Akaulizwa alivifanyia nini, akajitia kama hajasikia, na hapo kwa mara ya kwanza ulemavu wake ukamfaa.

Njiani Gachanja alimsihi amwambie mke wake. Mficha maradhi, alisema, kifo humuumbua. Oyugi akakataa. Hakuogopa kuchekwa na watu wala kupoteza zamu. Aliogopa kitu kimoja. Zamani, walipokuwa wachanga, Eucabeth alimwambia kwamba yeye haimbii watu, anamwimbia yeye aliye nyuma yake. Watu wanasikia tu kwa sababu wako karibu. Mwanamke huyu akijua kwamba mtu anayemwimbia hasikii, ataimba nini tena? Bora afikirie mumewe ana kiburi.

Basi akaanza kupiga besi kwa macho. Alisimama nyuma ya Eucabeth kama siku zote, akasoma kisigino chake cha kulia, mabega yake yanapopanda kuvuta pumzi, mkono unaoenda kiunoni kabla ya kiitikio. Mgongo wa spika ulimpa besi yake mwenyewe kupitia nyayo. Hakukosea hata mara moja. Watu wa Chepseon walisema Majani Mabichi haijawahi kuwa tamu vile. Sauti ya mke wake alikuwa akiikumbuka tu, akaiweka mwenyewe mahali pake, kama unavyoweka sahani ya mtu aliye safarini.

Kisha Lynn, binti wa Gachanja, akaolewa, na sherehe ikawa nyumbani kwa babake, huko Chepseon, mchana kweupe chini ya mahema. Gachanja alivaa suti, akakataa kukaa meza kuu, akakaa kwenye ngoma zake. Mambo yalikuwa moto. Wageni wa Nyeri na wa Kisumu walikuwa vumbi moja. Katikati ya wimbo wa tatu stima ikapotea.

Solo ya Kipsang ikakatika. Besi ikafa mikononi mwa Oyugi. Nyayo zake zikawa nyayo tu. Kulikuwa na jenereta lakini haikuwa na mafuta, na mtu akatumwa sentani, kwenye maduka, na mtungi. Kwa kawaida hapo bendi huketi ikaletewa chai. Lakini Eucabeth hakuketi. Alikuwa ameshika kipaza sauti kilichokufa; akakiweka chini kwenye nyasi, akafunga leso yake vizuri, akaendelea kuimba kwa koo tupu.

Oyugi aliona mabega yanapanda. Aliona kisigino. Lakini hakujua ni wimbo gani, kwa maana kisigino hakikuwa kinafuata wimbo wowote wanaoujua. Watu walianza kunyamaza. Hilo pia aliliona, vijiko vikishuka. Mwanamke mmoja wa meza ya Kisumu akashika shavu. Vigelegele vikapigwa, aliona ndimi. Oyugi akafikiri Eucabeth anawaliwaza wageni wakati stima inasubiriwa, akasema moyoni, huyu mama anajua kazi. Naye ili asisimame bure akainama kuangalia waya za spika, asije akalaumiwa stima ikirudi.

Alipoinua kichwa, hema zima lilikuwa linamtazama.

Eucabeth alikuwa amegeuka. Alikuwa amemtazama uso kwa uso, mkono mmoja umenyooshwa kwake, mdomo umefungwa. Alikuwa anangoja. Hajawahi kumtazama hivyo jukwaani. Oyugi alijua anangojewa kitu, lakini alijua kama vile mtu anavyojua ameulizwa swali katika lugha ya wageni. Akatafuta uso wa Kipsang. Kipsang alikuwa anatabasamu, anamwashiria ainuke. Ainuke vipi, na amesimama tayari? Basi Oyugi akafanya alichokuwa amezoea kufanya. Akatikisa kichwa.

“Mm,” akasema, akainamia waya.

Mkono wa Eucabeth ukashuka. Mtu mmoja akacheka kusaidia hali. Jenereta ikanguruma, spika zikakohoa, bendi ikaendelea, na Eucabeth akaimba mpaka mwisho wa sherehe na mgongo wake ukiwa umenyooka kama mlango uliofungwa.

Gachanja ndiye aliyemvuta nyuma ya hema, machozi yanamlenga.

“Amekutaja,” akamwambia, akilitamka neno kubwa kubwa. “Pakruok. Wewe. Jina lako nimelisikia zaidi ya mara moja.”

“Alisema nini?”

Gachanja alikuwa Mkikuyu wa watu. Alikuwa amepiga ngoma nyimbo za Kijaluo maisha yake yote na alijua “karibuni”, “asante” na “leta chakula”. Kipsang naye hakuwa bora. Na wale wote waliokuwa wameelewa kila neno, wangeulizwaje na mume mwenyewe, ambaye alisimama pale masikio mawili kichwani?

Siku mbili Eucabeth alimnunia. Yaani alimnunia siku moja nzima kabla Oyugi hajajua kwamba amenuniwa, kwa sababu kwake nyumba ilikuwa kimya vilevile. Aligundua Jumatatu, alipoona kwamba mdomo wa mke wake hauchezi hata akiwa peke yake jikoni akichambua mboga. Eucabeth huimba akichambua mboga tangu walipooana. Sasa alichambua kama anayehesabu makosa ya mtu. Lile aliloliogopa lilikuwa limefika, na lilikuwa limefika kupitia mlango aliokuwa ameufunga yeye.

Akaenda akachukua gita lake. Akachomoa kizibo cha manjano kilichokuwa kimebanwa chini ya nyuzi, akaja akakiweka kwenye kiganja cha mke wake, juu ya majani ya osuga aliyokuwa akichambua.

“Mama Seth,” akasema. “Mimi sikukunyamazia. Mimi sikukusikia. Sikusikii. Ni muda sasa.”

Eucabeth alikitazama kile kidude. Aliishi kwenye nyumba za kiwanda maisha yake yote ya ndoa. Alijua ni kitu gani na kilipaswa kukaa wapi. Akainuka, akazunguka nyuma ya mumewe. Oyugi akahisi pumzi ya moto shingoni, ikakatika, ikaja tena, ndefu. Kulikuwa na mvumo ndani yake, kama watu wanaoongea upande wa pili wa ukuta. Ulipokoma akangoja kidogo, akauliza kwa upole kama amesema kitu. Eucabeth akarudi mbele yake, uso umelowa.

Alimwomba amrudishie zile sifa, moja moja, polepole, uso kwa uso. Eucabeth akajaribu. Lakini mdomo husomeka ukiwa unajua tayari utasema nini: chakula kiko tayari, mvua inakuja, Seth amepiga simu. Maneno mageni hayasomeki. Tena mwenyewe hakuyakumbuka vizuri. Alikumbuka vipande, akavichanganya, akakasirika, akaanza upya. Yalikuja yenyewe siku ile, na yalikuwa yameondoka.

Ndipo Jerusa akaingia na simu. Mmoja wa vijana wa Chepseon alikuwa amerekodi, na video hiyo ilikuwa imezunguka nyumba zote za wafanyakazi; ni wao tu walikuwa hawajaiona. Oyugi aliipokea kwa mikono miwili. Eucabeth akaongeza sauti mpaka juu. Spika ya simu ni ndogo kama kucha, haina besi hata kidogo. Ilitoa sauti zote za juu, wembamba wote, yote ambayo masikio ya Oyugi yalikuwa yamepoteza, na yeye akaishika sikioni kama anayesikiliza saa iliyosimama.

Akaitoa sikioni akaitazama. Kijana alikuwa amerekodi kutoka mbele. Miaka yote hiyo Oyugi alikuwa amejua mgongo wa Eucabeth akiimba. Uso wake wa kuimba alikuwa haujui. Basi ulikuwa hivi. Mdomo ulifunguka ukajifunga, ukafunguka ukajifunga, na katikati yake akaliona jina lake, Oyugi, halikuwa na shida, midomo ilijikusanya ikaachia, na baada ya muda likaja tena. Kati ya jina na jina kulikuwa na maneno mengi sana. Jerusa alikuwa analia. Mbele ya hema watu walikuwa wameacha kula.

Na nyuma ya Eucabeth, pembeni, karibu na ukingo wa picha, mwanamume mmoja alikuwa ameinama. Anachomoa waya, anaipuliza, anairudisha. Anaikagua nyingine. Hana habari. Oyugi alimtazama huyo mtu kwa muda mrefu, akitaka kumwita.

Video ikaisha. Akamwomba mke wake airudishe mwanzo.